Nani Aingie Ekipe Gani? Historia Fupi ya Michezo ya Feti Zetu



Desemba imefika, na sawa kila mwaka komite imeanza kuhesabu: kreti za soda ngapi, kuku ngapi, bukari ya watu wangapi, muziki utaletwa na nani. Kisha inakuja ile pointi ya mwisho, ile inayosomwa wakati watu wameshasimama kwenda nyumbani: "Michezo na ambiansi." Ni mara ya pili sasa pointi hiyo wananipa mimi. Watu wanafikiri ni kazi nyepesi. Unatafuta kamba, unatafuta mifuko mitupu ya mahindi kwa mbio za mfuko, unapanga viti vya mchezo wa kuzunguka na muziki, unanunua zawadi ndogo, basi. Mimi pia nilifikiri vile. Leo nataka kuwaeleza kwa nini sifikiri tena vile, na nini historia inatufundisha juu ya michezo ya feti. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Bonane iliyopita, wale waliokuwepo wanakumbuka. Tulikuwa tumekula, jua lilikuwa limepungua, nikatoa kamba. Ilibaki kugawanya watu. Nilikuwa na haraka, nikasema kwa kipaza sauti: "Kasaï huku, Katanga huku, tuone wenye nguvu!" Watu wote wakacheka. Ni mzaha tunaoufanya kila siku hapa Lubumbashi, kwenye basi, sokoni, hata kanisani. Wavulana wakakunja mikono ya shati, wasichana wakapiga makofi, tukaanza kuvuta. Upande wa Kasaï ukateleza. Na pale mtu mmoja, sijui nani hata leo, akapaza sauti: "Rudini kwenu! Treni iko inawangoja!"

Rafiki yangu alikuwa wa tatu kwenye ile kamba. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja miaka mitatu, tulipika kwenye mbabula moja, tuliandika kazi zetu za lisansi kwenye kompyuta moja iliyokuwa inazima kila nusu saa. Aliachilia kamba. Wenzake wakaanguka juu ya wenzao, watu wakacheka zaidi. Yeye akachukua koti yake kwenye kiti, akaenda. Kesho yake akatoka kwenye kikundi chetu cha simu. Nilipompigia hakupokea.

Ilinichukua miezi mitatu kwenda kwake. Mama yake njo alinipa kiti, yeye alikaa kimya. Ni wakati wa kunisindikiza barabarani aliniambia kitu ambacho kwa miaka mitatu ya chumba kimoja hakuwahi kuniambia.

Wengi wetu tulizaliwa nyuma ya mambo yale, kwa hiyo niseme wazi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa hapa Katanga, maelfu kwa maelfu. Walikuwa wengi wamezaliwa hapa hapa. Baba zao na babu zao waliletwa na kazi ya migodi na ya reli wakati wa Wabelgiji. Huko Likasi na Kolwezi familia zililala kwenye vituo vya treni na kandokando yake, wiki kwa wiki, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Mama wa rafiki yangu alilala Likasi na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Treni ilipofika Mwene-Ditu, mtoto hakuwa tena. Rafiki yangu alizaliwa kule miaka kidogo nyuma, akarudi Lubumbashi kusoma, mama akamfuata.

"Treni iko inawangoja." Mtu aliyesema vile alikuwa anacheza. Mimi niliyegawanya ekipe nilikuwa nacheza. Ndiyo shida yenyewe.

Toka siku ile nilianza kusoma juu ya michezo. Mimi ni mtu wa agronomia, si wa historia, mnisamehe wenzangu wa Lettres. Lakini nilitaka kujua: watu wa zamani, waliokuwa na vita kuliko sisi, walikuwa wanachezaje pamoja siku ya sikukuu bila kuumizana? Nilichokuta ni kwamba walikuwa wanaumizana pia. Kila mchezo wa kikundi una swali moja ndani yake, na wakubwa zetu walilijua: nani aingie ekipe gani, na nani anaamua?

Hadithi ya kwanza niliisikia nikiwa mtoto, kwa babu mzaa mama, mtu wa upande wa Kamina. Ni hadithi kubwa ya Baluba, ya Nkongolo na Kalala Ilunga. Nkongolo alikuwa mfalme mkali. Mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe, alitoka mashariki, akazaa na dada ya Nkongolo mtoto mwanaume, Kalala Ilunga. Kijana akakua: anakimbia kuliko wote, anacheza ngoma kuliko wote, na anamshinda mjomba wake michezoni mbele ya watu. Nkongolo hakuweza kuvumilia. Akafanya nini? Hakutuma askari. Aliandaa feti. Alichimba shimo uwanjani, akapanda ndani yake mikuki, akafunika na mikeka, kisha akamwita mtoto wa dada yake aje acheze ngoma.

Mpiga ngoma njo alimwokoa. Ndani ya mdundo alitia onyo, kijana akasikia, akatupa mkuki wake juu ya mkeka, mkeka ukazama, shimo likaonekana. Kalala Ilunga akakimbia, akavuka mto, akarudi baadaye na jeshi, na Nkongolo akaisha.

Nikiwa mtoto nilipenda pale pa mkuki. Sasa napenda mpiga ngoma. Mtu wa ambiansi, yule asiyehesabiwa kati ya wakubwa, alijua chini ya mkeka kuna nini. Mimi Bonane iliyopita nilikuwa mpiga ngoma wa feti yetu, na sikujua kwamba uwanja wetu una shimo. Niliwaambia tu watu: chezeni.

Na muangalie kitu kingine. Hiyo hadithi ni ya Baluba wa Katanga, lakini Baluba wa Kasaï wenyewe wanasimulia kwamba mababu zao walitoka upande huu. Kwa hiyo mimi nilisimamisha wajukuu wa nyumba moja pande mbili za kamba moja, nikaita upande mmoja wenyeji na upande mwingine wageni.

Hadithi ya pili inatoka Kasaï kwenyewe, kwa Bakuba. Katika karne ya 17 walikuwa na mfalme, Shyaam aMbul aNgoong. Mapokeo yao yanasema kwamba kabla ya kutawala alisafiri magharibi kujifunza, akarudi na vitu vya akili kuliko vya vita. Wanamhesabia ufundi wa nguo za rafia, na hata mimea mipya: muhogo, mahindi, tumbaku. Sisi wa agronomia tungepaswa kumwekea picha ukutani! Wanasema pia alikataza kisu cha kurusha, na kwamba aliwaletea watu mchezo wa mashimo na mbegu ili waache kucheza kamari.

Mchezo huo mnaujua. Kwetu Baluba ni kisolo, Rwanda wanasema igisoro, Uganda omweso, na watu wa pwani, Zanzibar na Mombasa, wanaita bao. Kila mahali namna yake, lakini kazi ni ile ile: unachukua mbegu kwenye shimo moja, unazipanda moja moja kwenye mashimo yanayofuata, na mbegu ya mwisho njo inaamua. Bao la pwani lina mashimo 32 na kete 64, na kete zenyewe ni mbegu za mti wa mkomwe. Ni mchezo wa mkulima kabisa: hakuna anayevuna bila kupanda kwanza.

Mhungaria mmoja, Emil Torday, alizunguka Kasaï kati ya 1907 na 1909, akapeleka kwenye British Museum, London, sanamu za wafalme wa Bakuba. Sanamu ya kila mfalme ina alama mbele ya miguu yake, alama ya kitu kinachomtambulisha. Ya Shyaam iko na ubao wa ule mchezo. Fikirini: mfalme ambaye angeweza kuchongewa mkuki au kichwa cha adui, watu wake walimchongea mchezo. Nkongolo alitumia mchezo kuficha silaha. Shyaam, kama mapokeo yanavyosema, aliondoa silaha akaweka mchezo mahali pake. Baina ya hao wawili kila mtu anayeandaa feti anapaswa kuchagua.

Tuje sasa mjini, kwa babu zetu wa kazi. Miaka ya 1890, huko Mombasa na Lamu, ilizaliwa ngoma iliyoitwa beni. Vijana walicheza wakiiga bendi na gwaride la Wazungu, na vyeo vyao: mfalme, jenerali, daktari. Kila mji ulikuwa na pande mbili zinazoshindana, na majina yaliyosikika kuliko yote yalikuwa Marini na Arinoti. Vita ya kwanza ya dunia ilichanganya askari na wapagazi, na ngoma ikatembea nao. Ikafika mpaka migodini hapa Katanga, watu wakaiita mbeni, na serikali ya kikoloni haikuipenda: watu weusi wanaojipanga wenyewe, wana majenerali wao, si kitu cha kumlaza bwana usingizi.

Kitu kilichonigusa kwenye beni si magwanda. Ni kwamba kijana aliyefika mjini bila ndugu alikuta kundi la kumpokea. Walimtembelea akiugua, walichanga akifa. Mpinzani wake siku ya sikukuu hakuwa lazima mtu wa kabila lingine. Alikuwa mtu aliyeingia upande mwingine wa ngoma. Ekipe ulikuwa unaiingia. Haukuzaliwa nayo.

Ni vile vile kwa mpira. Mazembe na Lupopo zote zilianza mwaka 1939, na toka pale Lubumbashi hailali vizuri siku ya derbi. Lakini kwetu nyumbani mimi ni Mazembe, yaya yangu ni Lupopo, tunatoka tumbo moja. Tunatukanana Jumapili, Jumatatu tunakula sombe kwenye sahani moja. Ushindani unaweza kuwa mkali sana na usiharibu kitu, kama mtu alichagua rangi yake na anajua kesho anaweza kuivua. Asili hauivui. Unapofanya asili ya mtu kuwa ekipe, akishindwa hakushindwa mchezo. Ameshindwa kuwa vile alivyozaliwa.

Na kamba yenyewe? Kuvuta kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki, toka 1900 mpaka 1920. Mwaka 1908, London, mapolisi wa Uingereza walichukua medali zote tatu, na Waamerika walijitoa wakilalamika juu ya viatu vizito vya mapolisi wa Liverpool. Mara ya mwisho ilikuwa Antwerp mwaka 1920, kwa Wabelgiji, wale wale waliokuwa wanatawala hapa. Waingereza walishinda, Waholanzi wa pili, Wabelgiji wa tatu. Nchi na nchi zilivuta, na hata wakubwa wa dunia waligombana juu ya viatu. Kamba ni mchezo mzuri kwa afya, lakini ni mchezo wa pande mbili tu. Hauna katikati. Mtu mwenye mama wa Kasaï na baba wa Katanga, na hapa kwetu wako wengi, nilimwambia asimame wapi? Ninakumbuka sasa dada mmoja aliyebaki amesimama karibu na meza, anashika glasi, anatuangalia. Nilifikiri hapendi michezo.

Mchezo wa mwisho ninaotaka kuutaja ni wa dada zetu: nzango. Kila shule ya Kongo, wakati wa mapumziko, utawaona wasichana kwenye mistari miwili. Wawili wanakuja katikati, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Wamepatana mbele: miguu ikikutana namna hii, pointi yetu, ikikutana namna ile, pointi yenu. Kwa miaka mingi wanaume tuliuita mchezo wa watoto wa kike. Lakini mwaka 2015, Michezo ya Afrika iliporudi Brazzaville, miaka 50 toka ile ya kwanza iliyofanyika mji ule ule mwaka 1965, nzango ilikuwepo uwanjani, ekipe za wanawake watu wazima, wakimbiaji wa nchi zingine wakiangalia.

Angalieni vile nzango imejengwa. Nguvu haisaidii, ni macho na mdundo. Kila mtu ana zamu yake ya kusimama katikati, hata yule mwenye aibu. Na hauwezi kucheza bila kuangalia mwenzako usoni na kupiga makofi kwa wakati mmoja naye. Mpinzani wako njo mwenzako wa wimbo. Kwenye kamba, watu wa nyuma hawaoni hata uso wa wale wanaowavuta.

Sasa niseme kitu cha kazi yangu. Sisi tukitaka kujaribu aina nne za mahindi shambani, hatuchagui wenyewe kipande gani kipate mbegu gani. Kwa nini? Juu ya mkono wa mtu unadanganya. Bila kujua utaweka mbegu unayoipenda kwenye udongo mzuri, karibu na maji, na ile usiyoipenda kwenye mawe, kisha utasema: "Mnaona? Hii ni mbaya." Njo maana tunaandika namba kwenye vikaratasi, tunatia kwenye kofia, tunapiga kura. Kura haina ndugu. Nilijifunza hiyo mwaka wa kwanza kabisa, nikaiandika kwenye mitihani, nikapata pointi zangu, na siku ya Bonane niliisahau kwa ajili ya watu.

Kwa hiyo haya njo nitakayopendekeza kwa komite, na nayaandika hapa ili kila mtu ayajue mbele.

Ekipe zitapigwa kura mlangoni. Kila anayeingia atachukua mbegu kwenye mfuko: mahindi, maharagwe, soya au karanga. Mbegu yako njo ekipe yako, na katikati ya feti tutarudisha mbegu zote mfukoni na kuchukua tena. Hakuna ekipe ya jimbo, ya kabila, ya fakulte, wala ya wenye kazi na wasio na kazi.

Tutaanza na nzango, na wanaume watacheza. Dada zetu watatufundisha, na watatucheka, tunastahili.

Mchezo wa viti tutaucheza tukiondoa viti bila kuondoa watu. Muziki ukisimama, wote wakae kwenye viti vilivyobaki, namna wanavyoweza, mpaka watu kumi kwenye viti viwili. Kiti kikivunjika, komite italipa.

Pembeni kutakuwa na ubao wa kisolo kwa wale wasiopenda kuruka, na kwa wazee wetu watakaokuja. Mbegu nitaleta mimi.

Zawadi itakuwa kitu cha kugawana: keki, nanasi, kuku mzima. Kitu ambacho aliyeshinda hawezi kukimaliza peke yake.

Na kuhusu kamba. Juma lililopita nilimpelekea rafiki yangu haya maandiko, kwenye karatasi, sikutaka ayasome kwenye simu. Nilimwambia nisipopata ruhusa yake sitayatoa. Alisoma pole pole, akarudi nyuma kwenye ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Mama yake alikuwa anachambua mchele karibu yetu. Akamsomea ile sehemu ya Likasi kwa sauti ya chini, kwa Tshiluba. Mama akanyamaza kidogo, akasema: "Aandike. Asiandike jina."

Kisha nikamwuliza juu ya kamba: tukipiga kura, tukichanganya watu, iwe sawa?

"Eh, sawa kwenu," akasema. "Mi siivuti."

Nimeitoa kwenye programu. Wengine wataniambia ninazidisha, kwamba mzaha ni mzaha, kwamba tukianza kuogopa kila neno hatutacheka tena. Ninawajibu kwamba tutacheka sana. Watu kumi kwenye viti viwili, nani hatacheka? Kamba inaweza kurudi mwaka mwingine, siku wote watakuwa tayari kuishika. Historia haikuniambia watu waache kushindana. Iliniambia tu kwamba anayeandaa uwanja anapaswa kuinua mkeka kwanza na kuangalia chini.

Nilipokuwa ninatoka, rafiki yangu alinifuata mpaka kwenye lango. Hakusema atakuja. Aliuliza tu: "Na ile nzango, kweli wanaume watacheza?"

Nikamwambia kweli.

"Weye na ile miguu yako," akasema, na akafunga lango.

Mbegu ya kwanza mfukoni nitaiweka kwa ajili yake. Tuonane tarehe 31, bandugu. Vaeni viatu vya kuruka.